Kuleta Akiba Nyumbani Kutoka Ng'ambo: Hesabu Shilingi Zinazofika

Dada yangu mdogo alifanya kazi Doha, Qatar, miaka saba, na miaka yote hiyo mimi ndiye niliyepokea pesa zake hapa Kisumu: karo ya watoto, dawa za mama, na mwishowe pesa za nyumba anayojenga kwetu Siaya. Tulikuwa tumezoea kutuma kidogo kidogo, riyali mia tano leo, mia saba mwezi ujao, bila kuwaza sana tunapitia wapi. Mwaka jana alipoamua kurudi na kuileta akiba yote, tulikaa chini tukapiga hesabu. Njia ileile iliyotufaa kwa riyali 500 ingetumezea makumi ya maelfu ya shilingi kwa riyali 30,000.

Mwongozo huu nimeuandika kwa yeyote anayejiandaa kuhamisha akiba ya miaka, si matumizi ya mwezi. Mwaka 2024 Wakenya walioko nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 4.9, na zaidi ya nusu ilitoka Marekani. Asilimia moja tu ya hiyo ni dola milioni 49. Umoja wa Mataifa umeweka lengo kwamba ifikapo 2030 gharama ya kutuma isizidi asilimia 3, na bado kuna watu wetu wanaokatwa zaidi ya hapo, wengi wao bila kujua.

Hatua ya kwanza: andika unachohamisha

Chukua karatasi. Andika kiasi, kiko katika sarafu gani, kitaingia wapi hapa nyumbani, na kitahitajika lini. Pesa ya fundi anayesubiri Jumamosi na pesa ya kununua ploti mwezi wa nane hazilazimiki kupita njia moja. Sisi tuligawa mara mbili: sehemu ya mabati na mbao, ambayo ilikuwa ya haraka, na sehemu ya kuweka.

Hatua ya pili: usiulize ada, uliza shilingi ngapi zitafika

Hapa ndipo watu wengi wanapoumia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kampuni ya kutuma pesa inakukata kwa njia mbili. Ya kwanza ni ada, na hiyo utaiona imeandikwa. Ya pili imo ndani ya bei wanayokubadilishia. Ikiwa dola inauzwa sokoni kwa shilingi 129 na wao wanakupa 126, zile shilingi 3 kwa kila dola ni zao. Tangazo la "tuma bila ada" huwa kweli kabisa kuhusu ada na halisemi lolote kuhusu zile shilingi tatu.

Tuchukue mfano. Kampuni ya kwanza haitozi ada, bei yake ni 126. Ya pili inatoza dola 40, bei yake ni 129. Ukituma dola 100, ya kwanza inafikisha shilingi 12,600. Ya pili inabaki na dola 60 za kubadilisha, zinafika shilingi 7,740. Mtu yeyote mwenye akili atachagua ya kwanza.

Sasa tuma dola 10,000. Ya kwanza: shilingi 1,260,000. Ya pili: dola 9,960 mara 129, yaani shilingi 1,284,840. Tofauti ni shilingi 24,840. Ukihesabu mfuko wa simenti kwa shilingi 750, hiyo ni mifuko 33. Hiyo ni sakafu ya chumba, ndugu yangu, imeondoka kwa sababu ya neno "bila ada".

Mahali njia hizo mbili zinapolingana ni dola 1,720. Chini ya hapo ya kwanza ni nafuu, juu yake ya pili ni nafuu. Kila jozi ya kampuni ina mahali pake pa kulingana, na ndiyo sababu ushauri wa jirani aliyetuma dola 200 hauwezi kukuongoza wewe mwenye dola elfu kumi, hata kama anakutakia mema.

Hatua ya tatu: ijue bei halisi kabla hujaingia dukani

Benki Kuu ya Kenya hutangaza kila siku ya kazi bei ya dola, pauni, yuro na sarafu nyingine kwenye tovuti yake. Hakuna atakayekuuzia kwa bei hiyo kamili, lakini ni kipimo chako. Anayekaribia hapo ni mwaminifu kwa pesa yako kuliko aliye mbali.

Walioko Ghuba wana njia rahisi zaidi. Riyali ya Qatar imefungwa kwa dola, riyali 3.64 kwa kila dola moja, ya Saudi Arabia kwa 3.75, na dirhamu ya Falme za Kiarabu kwa 3.6725. Kwa hiyo unagawanya tu bei ya dola kwa nambari hiyo. Dola ikiwa 129, riyali ya Qatar inapaswa kuwa karibu shilingi 35.44. Siku dada yangu aliponipigia kutoka duka la kubadilisha fedha akaniambia wanampa 34.60, nilikuwa na simu sikioni na kikokotoo mkononi. Kwa riyali 30,000 pengo hilo ni shilingi 25,200. Nilimwambia, "Toka hapo kwanza, nenda la pili." Duka la tatu lilimpa bei iliyokaribia ile yetu, na yote matatu yako mtaa mmoja.

Hatua ya nne: linganisha kwa kiasi kilekile, saa ileile

Bei hubadilika mchana kutwa. Ukiangalia moja asubuhi na nyingine jioni hujalinganisha kitu. Fungua programu au tovuti za kampuni tatu au nne ndani ya robo saa, weka kiasi chako halisi, chagua njia utakayolipia na njia itakayopokelewa, kisha piga picha ya skrini ya kila moja inapoonyesha shilingi za mpokeaji.

Hayo mawili ya mwisho yana uzito. Ukilipia kwa kadi ya mkopo, mara nyingi gharama hupanda, na benki iliyokupa kadi inaweza kuongeza yake juu kwa kuihesabu kama umetoa pesa taslimu. Kulipia moja kwa moja kutoka akaunti ya benki huwa polepole kidogo lakini nafuu. Bei nzuri ya "mteja mpya" pia iangalie vizuri: mara nyingi ni ya muamala wa kwanza tu, tena hadi kiasi fulani, na kinachozidi hubadilishwa kwa bei ya kawaida.

Majina utakayokutana nayo ni mengi. Western Union na MoneyGram wana mawakala karibu kila mji, na ni msaada kwa mpokeaji asiye na akaunti. WorldRemit, iliyoanzishwa London mwaka 2010 na Ismail Ahmed, mtu wa Hargeisa, pamoja na Sendwave na Remitly, zimezoeleka kwa kutuma kwenye M-Pesa. Wise, iliyoanza 2011, hutumia bei ya soko na kuandika ada yake kando, jambo linalorahisisha kulinganisha. Sikuambii uchague ipi. Nimeona moja ikishinda Jumatatu kutoka Uingereza na kushindwa Alhamisi kutoka Marekani. Hesabu ya siku yako ndiyo itakayokuambia.

Benki kwa benki kupitia mtandao wa SWIFT ina jambo lake. Pesa inaweza kupita kwenye benki moja au mbili katikati, na kila moja huweza kuchukua chake. Kwenye fomu utaona herufi tatu: OUR maana yake mtumaji analipa gharama zote, SHA mnagawana, BEN anakatwa mpokeaji. Kama unalipia ploti na muuzaji anataka kiasi kamili, chagua OUR, la sivyo utapungukiwa na dola ishirini thelathini na mwenye ardhi atakataa kutia sahihi. Uliza pia kama benki ya huko itabadilisha kuwa shilingi yenyewe au itatuma dola. Ikituma dola, benki ya hapa ndiyo itakayobadilisha, na hiyo nitaieleza mbele.

Hatua ya tano: hakikisha ana leseni

Kwa upande wa Kenya, Benki Kuu ndiyo inayotoa leseni na huchapisha orodha ya watoa huduma walioidhinishwa. Uingereza mamlaka inayosimamia huduma za fedha ni FCA, nayo ina rejista ambayo mtu yeyote anaweza kutafuta jina ndani yake. Kazi hii haichukui dakika tano.

Ninasisitiza kwa sababu ya hawa wanaoandika kwenye makundi ya Facebook na WhatsApp ya Wakenya wa ng'ambo: "Nipe dola huko, nikutumie shilingi hapa kwa bei nzuri." Hata pesa ikifika, hujui imetoka wapi. Ikiwa shilingi ulizopokea ni za wizi, akaunti inayofungwa ni yako. Na wale wanaompa msafiri bahasha: pesa taslimu inayofikia dola 10,000 lazima itangazwe unapoingia Kenya. Msafiri asipoitangaza, anayepoteza ni wewe.

Hatua ya sita: chagua itakapotua

M-Pesa ni rahisi, nasi watu wa huku tumeizoea tangu 2007, lakini haikutengenezwa kwa akiba ya miaka saba. Muamala mmoja hauzidi shilingi 250,000, na akaunti haishiki zaidi ya 500,000. Ukituma dola 3,000 kwa simu ya mama, ambazo ni kama shilingi 387,000, zitarudi au zitakwama. Usijaribu kukwepa kwa kukatakata vipande kumi kwa jamaa kumi. Mtindo huo ndio hasa mashine za benki zimefundishwa kuushuku.

Kwa kiasi kikubwa tumia akaunti ya benki iliyo kwa jina la mwenye pesa. Dada yangu alikuwa na akaunti aliyofungua likizo ya 2022. Kama huna, fungua kabla ya kutuma, benki nyingi zina akaunti za Wakenya wa ng'ambo zinazofunguliwa ukiwa hukohuko. Pesa ikishaingia, kuihamisha kwa benki nyingine hapa nchini kwa PesaLink inawezekana hadi shilingi 999,999 kwa mara moja.

Akaunti ya dola ifikirie kwa uzito. Ukipokea dola kama dola, unaamua mwenyewe siku ya kubadilisha. Tena, watu wengi hawajui kwamba bei iliyobandikwa ukutani benki si ya mwisho. Kwa dola elfu tano na zaidi, mwombe afisa wa tawi apige simu kwa wanaoshughulikia fedha za kigeni, umwambie una bei ya benki nyingine. Mimi nilifanya hivyo Oginga Odinga Street, ambapo benki zimepangana mlango kwa mlango. Ya kwanza iliniambia 127.20. Nilivuka barabara, nikapewa 127.90, nikarudi na karatasi hiyo mkononi. Wakanipa 128.30. Dakika arobaini za kutembea juani, na kila dola ikaongezeka shilingi na senti kumi.

Hatua ya saba: majina, herufi kwa herufi

Naomba usiruke hapa, maana sisi wenyewe tulipata taabu. Mwezi wa nne mwaka juzi dada alituma pesa ya mabati. Nyumba ilikuwa imefika kwenye lenta, mvua ya masika imeanza, na kuta za matofali mabichi zilikuwa wazi. Aliandika jina langu kama anavyoniita: la ubatizo na la mume wangu. Kitambulisho changu kina la ubatizo, la kuzaliwa na la baba. Pesa ikakwama siku tisa. Kampuni ilisema ngoja benki, benki ikasema ngoja kampuni. Nilipanga foleni mara nne nikiwa na kitambulisho na cheti cha ndoa kwenye bahasha ya plastiki, na kila jioni fundi alinitumia picha ya maji yakitiririka kutoka juu ya ukuta wa chumba cha watoto. Upande mmoja ulibidi ubomolewe.

Tangu hapo tuna desturi. Mpokeaji anapiga picha kitambulisho chake, mtumaji anaandika majina matatu kwa mpangilio uleule wa kitambulisho. Sisi wa huku majina yetu yanageuka sana. Yupo Achieng aliyeandikwa Atieno, yupo Wafula ambaye kwenye laini ya simu ni jina la utani. Kabla ya kutuma kwa M-Pesa, mpe mtu wa karibu aanze kutuma shilingi kumi aone jina linalojitokeza. Na nambari ya akaunti isomwe kwa sauti mara mbili, mmoja anasoma, mwingine anafuata kwa kidole.

Hatua ya nane: andaa karatasi mapema

Pesa nyingi huulizwa maswali, na tangu Februari 2024, Kenya ilipowekwa kwenye orodha ya kijivu ya FATF, shirika la kimataifa linalopambana na utakatishaji wa fedha, benki zimekuwa makini zaidi. Usichukulie kama umetuhumiwa. Andaa mkataba wa kazi, hati za mshahara za miezi kadhaa, taarifa ya benki inayoonyesha akiba ikikua, na ukipokea kwa ajili ya ploti, makubaliano ya mauzo. Ukifikisha shilingi milioni moja, tarajia kuulizwa zimetoka wapi na zinaenda wapi. Aliye Ghuba azichukue hati hizo kabla mkataba haujaisha. Ukishapanda ndege, kumpata mtu wa ofisi akutumie karatasi ni kazi kubwa.

Hatua ya tisa: tanguliza kidogo

Tuma dola 50 au 100 kwanza, kwa njia ileile, akaunti ileile. Subiri ifike. Linganisha shilingi zilizoingia na zile za picha ya skrini. Zikilingana, tuma kubwa. Zikipungua, uliza nani amekata. Ada ya jaribio ni ndogo kuliko usiku mmoja wa kutolala.

Hatua ya kumi: lini?

Mwishoni mwa Januari 2024 dola ilipita shilingi 160. Binamu yangu aliye Minnesota alikuwa na dola 10,000 tayari, akasema anangoja 170. Februari serikali ikauza hati fungani mpya, yaani ikakopa nje, ya dola bilioni 1.5 ili kulipia sehemu ya ile ya bilioni 2 iliyotakiwa kulipwa Juni. Hofu ikatulia, shilingi ikapanda, na kufikia Aprili dola ilikuwa kama 130. Pesa yake ileile ilikuwa imepungua kwa karibu shilingi 300,000 bila mtu kuigusa.

Hakukosea kwa ujinga. Wengi walifikiri hivyo. Ninachowashauri walio wangu ni kugawa. Ikiwa huna haraka, tuma theluthi sasa, theluthi baada ya miezi miwili, theluthi baadaye. Hutapata bei bora kuliko zote, lakini hutapata mbaya kuliko zote pia. Pesa ambayo fundi anaingoja isisubiri bei hata siku moja.

Kwa walio Marekani, mambo mawili. Tangu Januari 1, 2026 kuna kodi ya asilimia 1 kwa pesa zinazotumwa nje zikilipiwa kwa taslimu au hundi ya benki. Ukilipia kutoka akaunti ya benki ya huko au kadi iliyotolewa huko, kodi hiyo haikugusi. La pili, sheria ya huko inakupa dakika 30 baada ya kulipa kufuta muamala na kurudishiwa pesa yote, ilimradi haijapokelewa bado. Kwa hiyo ukishatuma, usiweke simu chini. Tumia dakika hizo kusoma risiti yote upya, jina, akaunti, kiasi.

Wenye jamaa Uganda wasihangaike na mambo yote haya. Kwa kiasi kidogo, M-Pesa kwenda MTN ya Uganda inatosha. Kwa biashara kubwa ya Busia, akaunti ya benki iliyo na matawi pande zote mbili ni salama kuliko kuvuka mpaka na furushi.

Ikishafika

Yeyote atakayepiga simu akisema ni wa kampuni, anataka nambari uliyotumiwa kwa ujumbe ili "kuachilia" pesa, mkatie. Hakuna kampuni ya kweli inayoihitaji. Mweleze hili mzee wa nyumbani kabla pesa haijatumwa, kwa sababu matapeli hupenda kupigia wazazi.

Kumbuka pia kwamba Shirika la Bima ya Amana Kenya linalinda hadi shilingi 500,000 kwa kila mteja katika kila benki, na bima hiyo si ya Sacco. Akiba ya dada tuliigawa benki tatu hadi tulipoanza kuitumia.

Risiti zote dada alizichapisha. Ziko kwenye faili la bluu kabatini kwa mama, pamoja na zile picha za skrini, kila moja na tarehe yake nyuma kwa kalamu. Wiki iliyopita afisa wa benki alituuliza pesa ya ploti ilitoka wapi. Tulifungua faili, tukamwonyesha ukurasa wa nne, akapiga muhuri.